Kombora la Mtu Mmoja

Tarehe 25 Machi 1973 ndege ya kivita aina ya Fiat G.91 ilipaa kutoka Bissalanca, nje kidogo ya mji wa Bissau, kwenda kuisaidia kambi ya Guileje iliyokuwa ikipigwa mizinga na wapiganaji wa PAIGC, chama kilichopigania uhuru. Safari za namna hiyo zilikwisha zoeleka. Wareno walikuwa wamepigana Guinea kwa miaka kumi na utaratibu ulikuwa ule ule: wapiganaji wanashambulia, kambi inaita kwa redio, ndege inafika, wapiganaji wanatokomea msituni. Nchi yenyewe ni tambarare, imejaa mito na mikoko, na barabara zilikuwa chache tena zimetegwa mabomu. Asiye na ndege hakuwa na ubavu. Siku ile kitu kilipanda kutoka ardhini, kikaifuata ndege kwa nyuma na kupasukia kwenye injini. Rubani alijirusha kwa kiti cha dharura, akavunjika mguu, akalala msituni hadi alipookolewa kesho yake.

Tarehe 28 Machi ikaanguka nyingine, na safari hii aliyekuwa ndani, luteni kanali aliyewaongoza marubani wa Bissalanca, alikufa. Kufikia tarehe 6 Aprili ndege tano zilikwisha kwenda. Hapo Wareno wakajua wanakabiliana na nini: Strela-2, kombora la Kisovieti ambalo mtu mmoja analiweka begani, analifyatua, kisha anajiondokea kwa miguu. Afrika lilikuja kujulikana zaidi kwa jina lililotokana na lile walilolipa Wamarekani, SAM-7. Amílcar Cabral, kiongozi wa PAIGC, ndiye aliyelihangaikia Moscow, lakini hakuishi kuliona likifanya kazi. Aliuawa Conakry tarehe 20 Januari mwaka huo huo. Vijana wake, akiwemo Manuel dos Santos aliyeitwa Manecas, walikuwa wamekwenda Umoja wa Kisovieti kufundishwa kulitumia.

Wapo wanaosema kombora hili ndilo lililoikomboa Guinea-Bissau. Naona huko ni kukipa chuma sifa ya watu. PAIGC walishika sehemu kubwa ya vijijini miaka mingi kabla ya Strela ya kwanza kuvuka mpaka, na baada ya wiki chache marubani walikwisha jifunza kuruka juu sana au chini sana, ndege zikaacha kuanguka kwa wingi ule. Ila rubani aliye juu sana haoni nani yuko chini ya mti, na helikopta ya kuchukua majeruhi inayosita kuja ni habari mbaya kwa askari aliyeko kambini. Tarehe 22 Mei Wareno waliihama Guileje. Tarehe 24 Septemba, huko Madina do Boé, PAIGC walitangaza uhuru bila kusubiri ruhusa ya mtu. Na Aprili 1974 maofisa vijana, wengi wao wakiwa wamepita vita vya Guinea, waliipindua serikali ya Lisbon.

Silaha hii ilifikaje begani mwa mpiganaji wa msituni? Haikutengenezwa kwa ajili yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya askari wa miguu wa madola makubwa, ambaye ugomvi wake na ndege ulianza tangu Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa akilala chali handakini na kufyatua bunduki mbinguni bila matumaini makubwa. Katika Vita Kuu ya Pili hali ilizidi kuwa mbaya. Ndege zilikimbia zaidi, zilibeba mabomu mazito zaidi, na mizinga ya kuzitungua ilihitaji lori, watu kadhaa na shehena ya risasi.

Wajerumani, walipokuwa wanaelekea kushindwa, walijaribu kumpa askari mmoja kitu cha kujitetea nacho. Kampuni ya HASAG ya Leipzig ilitengeneza Fliegerfaust, mitutu tisa ya milimita 20 iliyofungwa pamoja, kila mmoja na roketi yake ndogo. Askari aliiweka begani, akaelekeza, roketi zikatoka kwa awamu mbili zilizofuatana haraka. Hazikuwa na uongozi wowote. Zikiisha kutoka zimetoka, na mita 500 hivi ndio uliokuwa mwisho wa manufaa yake. Vita viliisha 1945 kabla haijasambazwa kwa wingi. Lakini wazo lilikwisha zaliwa, likabaki kungojea jicho.

Jicho lilitoka kwenye silaha nyingine. Jangwani California, kwenye kituo cha jeshi la majini cha China Lake, mwanafizikia William McLean na wenzake waliunda kombora la Sidewinder, la ndege kuitungua ndege, ambalo kichwa chake kilikuwa na chembe ya kemikali ya madini ya risasi na salfa inayohisi joto la injini. Katikati ya miaka ya 1950 wahandisi wa Convair, mjini Pomona, walijiuliza kama jicho la namna hiyo lingeweza kupunguzwa hadi likae kwenye mrija wa kubebwa na mtu. Jeshi la nchi kavu la Marekani likakubali kugharamia mradi. Uliitwa Redeye, jicho jekundu.

Kwenye karatasi ilionekana rahisi, kumbe kazi ilikula karibu miaka kumi. Kombora likiwa zito, askari hawezi kulichukua. Likiwa jepesi, halina mafuta ya kutosha kuikimbiza jeti. Likiwaka papo hapo ndani ya mrija, linamuunguza uso anayelifyatua. Kwa hiyo likapewa injini mbili: ya kwanza inalisukuma kidogo tu hadi litoke kwenye mrija na kufika mbali na mtu, kisha kubwa inawaka hewani. Mwaka 1961 wakubwa waliambiwa waziwazi kwamba Redeye haikuwa na mbio walizozitaka, haikujua kukata kona vya kutosha, na iliweza tu kuifuata ndege kwa nyuma, yaani baada ya ndege hiyo kwisha kudondosha mabomu yake. Jeshi lilinung'unika, likaichukua hivyo hivyo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafika mikononi mwa askari. Bora nusu ya ulinzi kuliko kukosa kabisa.

Wasovieti walikuwa wakihangaika na tatizo lile lile katika mji wa Kolomna, kusini mashariki mwa Moscow. Aliyepewa kazi mwaka 1960 alikuwa Boris Shavyrin, mtu wa mota. Umri wake wote alikuwa akiunda mitutu ya kurushia mabomu ya jeshi la miguu, wala si mambo ya anga. Nadhani hiyo ndiyo sababu silaha aliyoianzisha ikawa jinsi ilivyo. Mtaalamu wa ndege angetaka usahihi. Mtu wa mota anataka kitu ambacho mwana wa mkulima atafundishwa kwa muda mfupi, kitakachovumilia matope, na kiwanda kitaweza kukitoa kwa maelfu. Shavyrin alifariki 1965 na kazi ikamaliziwa na Sergei Nepobedimy. Mwaka 1968 Strela-2 ilipokelewa rasmi jeshini. Ikiwa tayari kufyatuliwa ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, ilifika umbali wa kilomita tatu na ushei, na ilibeba kichwa cha mlipuko cha kilo moja na kidogo.

Kilo moja ya mlipuko si kitu kikubwa kwa ndege ya kivita, na udhaifu huo ulijitokeza mapema. Agosti 1969, katika vita vya mvutano kwenye Mfereji wa Suez, Wamisri waliitungua ndege ya Israeli aina ya Skyhawk kwa Strela, na silaha ikapata jina. Lakini Oktoba 1973, Wamisri na Wasyria walipozifyatua kwa mamia, Skyhawk nyingi zilizopigwa zilirudi nyumbani zikiwa zimechanika mkiani. Mafundi wa Israeli walizikagua wakaona kombora linafuata joto la ekzosi na kupasukia pale pale mwisho wa bomba. Dawa waliyoipata ilikuwa ya gereji kabisa: wakarefusha bomba la ekzosi, ili kombora lipasukie nyuma zaidi, mbali na injini na vyombo vya kuiongozea ndege. Skyhawk za Israeli zinatambulika kwa mkia huo mrefu mpaka leo kwenye makumbusho.

Jicho la Strela lilikuwa na ujinga mwingine. Halikupozwa kwa gesi, kwa hiyo liliona joto kali tu, na halikuweza kutofautisha injini na jua. Ndege iliyoelekea jua, au iliyopita mbele ya wingu linalong'aa, ilikuwa na nafasi nzuri ya kusalimika. Vietnam, katika mashambulizi makubwa ya Kaskazini ya mwaka 1972, Strela iliangusha helikopta na ndege za mwendo wa pole karibu na Quang Tri na An Loc, na mwezi Juni ikaangusha AC-130, lidege zima la mizinga, katika bonde la A Shau. Wamarekani walijibu kwa kudondosha fataki za moto nyuma ya ndege ili zilidanganye jicho, na kwa kukunja ekzosi za helikopta zielekee juu, moshi wa moto uchanganyike na upepo wa mapanga kabla haujaonekana kutoka chini. Tangu hapo mambo yakawa ni mashindano. Kila jicho jipya lilizaa hila mpya ya kulipumbaza, na kila hila ikazaa jicho jipya.

Huku kusini mwa Afrika Strela ziliingia na vyama vya ukombozi. FRELIMO wa Msumbiji, ambao silaha zao nyingi zilipita bandari ya Dar es Salaam na kambi ya Nachingwea, walizipata katika mwaka wa mwisho wa vita vyao. Mwaka 1974 moja iliipiga injini ya Dakota ya Wareno iliyokuwa imewapakia waambata wa kijeshi wa nchi za nje, waliopelekwa kuonyeshwa kwamba hali ni shwari. Dakota ilitua salama, lakini wageni walikwisha ona. Warodeshia walizipaka ndege zao rangi isiyoakisi mionzi ya joto na kufunika ekzosi za helikopta. JWTZ, jeshi la Tanzania, nalo lilikuwa na SAM-7 katika vita vya Kagera. Kuhusu vita hivyo wazee wengi wanakumbuka jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti: karibu na Musoma, walinzi wa anga wa Tanzania walizitungua ndege tatu za nchi yao wenyewe, wakidhani ni za Idi Amin wa Uganda. Anayelenga ndege ana sekunde chache tu, na kwa jicho tupu MiG ni MiG.

Makosa ni jambo moja, makusudi ni jambo jingine. Tarehe 3 Septemba 1978 ndege ya abiria aina ya Viscount, iliyoitwa Hunyani, iliondoka Kariba kwenda Salisbury ikiwa na watu 56. Wapiganaji wa ZIPRA waliipiga kwa Strela. Rubani alijaribu kuitua shambani, ikagonga mtaro na kuvunjika. Watu 18 walitoka hai, na 10 kati yao wakauawa na wapiganaji pale pale kwenye mabaki. Joshua Nkomo, kiongozi wa ZIPRA, alikiri redioni kwamba watu wake ndio walioitungua, akakana kuwa waliwaua manusura, na kicheko kilichomtoka katika mahojiano hayo hakikusahauliwa na Wazungu wa Rodeshia maisha yao yote. Tarehe 12 Februari 1979 ikatunguliwa Viscount ya pili, Umniati, wakafa wote 59. Ilisemekana aliyelengwa ni Jenerali Peter Walls, mkuu wa majeshi, ambaye alikuwa kwenye ndege iliyofuata.

Ninaandika haya nikiwa upande wa waliopigania uhuru wa Zimbabwe, na bado Viscount hizo mbili zinanikaa vibaya. Serikali ya Rodeshia ya Ian Smith nayo iliua raia wengi, wengine kwa ndege hizo hizo ambazo Strela ililetwa kuzizuia. Hilo halimrudishi abiria yeyote wa Kariba. Na kwa historia ya silaha yenyewe, miezi ile ilifungua ukurasa ambao wabunifu wa Pomona na Kolomna hawakuuandika: ndege rahisi kuliko zote kuitungua ni ile isiyojua kwamba iko vitani.

Kufikia wakati huo Wamarekani walikuwa na jicho jipya. Redeye ya pili, iliyopewa jina la Stinger mwaka 1972, ilianza kutumika 1981. Jicho lake lilipozwa kwa gesi ya agoni hadi kuona joto dogo, si la ekzosi peke yake bali hata la bati la ndege linalosuguana na hewa. Kwa hiyo iliweza kuipiga ndege inayokuja usoni, kabla haijadondosha bomu. Matoleo yaliyofuata yaliongezewa kuona miale ya urujuani, ili fataki isilidanganye kombora kirahisi. Mtu wa kwanza kuitumia vitani alikuwa komando wa Kiingereza katika visiwa vya Falkland, Mei 1982, aliyeiangusha ndege ya Argentina. Katika vita hivyo hivyo Waingereza na Waajentina walikuwa na kombora jingine, Blowpipe la Belfast, ambalo halikuwa na jicho kabisa. Mfyatuaji alipaswa kuliongoza kwa kidole gumba, kwa redio, hadi ligonge, huku ndege ikimjia. Waliolitumia hawakulisifu.

Stinger ilipata umaarufu wake Afghanistan. Kwa miaka kadhaa CIA, kupitia Pakistan, iliwapa mujahidina silaha za Kisovieti au nakala zake, ili Washington iweze kukana. SAM-7 walizopewa zilikuwa mbovu, na Blowpipe zilizofuata hazikuwafaa. Kuwapa Stinger kulipingwa na wakubwa wengi mjini Washington, ndani ya jeshi na ndani ya CIA yenyewe, kwa sababu mbili: Wasovieti wangeiteka na kuiiga, na hakuna atakayeamini tena kwamba Marekani haimo. Mwaka 1986 Rais Reagan aliruhusu.

Tarehe 25 Septemba 1986 kikundi kilichoongozwa na mtu aliyejulikana kama Mhandisi Ghaffar kilijibanza vichakani karibu na uwanja wa Jalalabad, kikangoja helikopta za Mi-24 zirudi kutua. Aliyeeleza siku hiyo ni Mohammad Yousaf, brigedia wa Pakistan aliyesimamia ugawaji wa silaha. Kombora la kwanza, kwa maelezo yake, lilitoka kwenye mrija, likashindwa kuwaka, likaanguka mbele yao kwenye mawe bila kulipuka. Wapiganaji walifyatua mengine na helikopta tatu zikaanguka. Mpiga picha waliyekuwa naye alirukaruka kwa furaha hata kanda ikawa ya mtikisiko mtupu, na kanda hiyo ndiyo iliyopelekwa kuonyeshwa Washington.

Miezi michache baadaye, Januari 1987, makomando wa Kisovieti waliteka Stinger ya kwanza nje ya Kandahar. Hofu ya wapinzani ilitimia, ila haikuleta balaa waliyoitabiri. Mi-24 zilifungwa vifuniko vya ekzosi na taa za kulichanganya jicho, marubani wakaanza kuruka juu zaidi au usiku. Simulizi ya kwamba Stinger iliifukuza Urusi kutoka Afghanistan imekaa vizuri kwenye filamu. Kwenye kumbukumbu za Kremlin haikai vizuri hivyo, kwani Gorbachev alikuwa akitafuta njia ya kutoka tangu 1985, kabla ya lile kombora la kwanza kuanguka kwenye mawe ya Jalalabad. Silaha ilifanya vita viwe ghali zaidi; uamuzi ulifanyika kwa sababu nyingine nyingi.

Kilichoendelea baada ya ushindi ndicho kinachonivutia zaidi. Marekani ilikuwa imepeleka Stinger zaidi ya 2,000, na sasa ikataka kuzirudisha. Iran ilikwisha pata kadhaa mwaka 1987. Mwaka 1988 Qatar, ambayo Marekani ilikataa kuiuzia, ilizipitisha Stinger kwenye gwaride mbele ya kadamnasi. Wamarekani walidai wapewe namba za usajili wa makombora hayo, wakanyimwa. Katika miaka ya 1990 CIA ilikuwa inawazungukia makamanda wa Kiafghani ikiwa na fedha taslimu, ikinunua kombora moja kwa makumi ya maelfu ya dola, zaidi ya bei ya kiwandani. Makamanda walielewa soko haraka. Waliokuwa na manne waliuza moja, wakangoja bei ipande.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Falcon 50 iliondoka Dar es Salaam baada ya kikao cha marais wa kanda. Ndani alikuwemo Juvénal Habyarimana wa Rwanda, na Cyprien Ntaryamira wa Burundi aliyeomba lifti. Saa mbili na dakika ishirini na ushei usiku, ikiteremka kuelekea uwanja wa Kanombe mjini Kigali, makombora mawili yalipaa kutoka gizani. Moja liliipiga, na mabaki yakaanguka kwenye bustani ya ikulu ya Habyarimana mwenyewe. Wote 12 walikufa, wakiwemo Wafaransa watatu walioiendesha. Usiku huo huo vizuizi viliwekwa barabarani Kigali, orodha za majina zikatolewa, na mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza. Orodha hizo zilikuwepo kabla. Mapanga yalikuwepo kabla, na redio ya kuchochea chuki ilikwisha fanya kazi yake.

Nani alifyatua? Jaji Mfaransa Bruguière aliwatuhumu watu wa RPF, waasi waliopigana na serikali ya Habyarimana, mwaka 2006. Wataalamu walioteuliwa na jaji aliyemfuata, Trévidic, walipima sauti, pembe na njia ya ndege, na Januari 2012 wakaonyesha kwamba makombora yaliondokea eneo la kambi ya Kanombe au karibu yake, kambi ya jeshi la Habyarimana. Tume ya Rwanda ilikwisha fikia hitimisho la kuwalaumu Wahutu wenye msimamo mkali. Mwaka 2018 kesi ya Ufaransa ilifutwa bila mtu kushtakiwa. Silaha hii inamfaa sana muuaji asiyetaka kujulikana: watu wawili au watatu, dakika chache, na mrija mtupu unaoachwa majanini.

Miaka minne baada ya ndege ya Habyarimana, Oktoba 1998, waasi wa Kongo waliitungua Boeing 727 ya shirika la ndege la nchi hiyo karibu na Kindu. Watu 41 waliangamia. Waasi walisema ilibeba askari, serikali ikasema ni raia. Kisha zamu ikafika Mombasa. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojaa mabomu liliingia hoteli ya Paradise huko Kikambala. Wakenya 10 na Waisraeli watatu walikufa, na miongoni mwa Wakenya walikuwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni mlangoni. Karibu wakati ule ule, Boeing 757 ya kampuni ya Arkia iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi ikiwa na watu 271 ilipitwa na michirizi miwili ya moshi. Rubani aliona hakuna kilichoharibika, akaendelea na safari hadi Tel Aviv, ambako ndege za kivita zilitoka kumpokea.

Mirija mitupu ilipatikana karibu na uwanja: Strela-2. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifuatilia namba zake, na mwaka 2003 wakaeleza njia iliyopitiwa: makombora ya Kisovieti, kupitia Yemen, kisha Somalia, kisha Kenya kwa jahazi. Silaha ya Shavyrin, iliyobuniwa imlinde askari wa Kirusi dhidi ya ndege za NATO, ilisafiri njia ile ile inayosafirisha tende na mchele. Kwa nini ilikosa? Huenda ni uzee wake, huenda ni mikono isiyozoea. Watu 271 waliokolewa na ubovu, si na ulinzi.

Ndege ya DHL haikupata bahati ya namna hiyo, ikapata nyingine. Tarehe 22 Novemba 2003 Airbus A300 ya mizigo ilipigwa bawa la kushoto ilipokuwa ikipaa kutoka Baghdad. Mifumo yote mitatu ya haidroliki ilikauka, maana yake usukani ukawa pambo. Wale watatu waliokuwemo walijifunza hapo hapo, bawa likiwaka moto, kuiongoza ndege kwa injini tu: kuongeza moto kulia ili igeuke kushoto, kupunguza zote ili iteremke. Iliwachukua kama dakika 25 kurudi. Walitua kwa kasi kubwa mno, wakatoka nje ya njia, wakasimama mchangani, wote wazima.

Baada ya Mombasa na Baghdad serikali ziliamka. Makombora haya yaliingizwa kwenye daftari la silaha la Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na Marekani ikaanza kuzilipia nchi nyingine ziteketeze akiba zao. Makumi ya maelfu yamekwisha haribiwa. Kwa hesabu ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, zaidi ya ndege 40 za kiraia zimepigwa tangu miaka ya 1970. Lakini kapu moja lilimwagika mwaka 2011, serikali ya Gaddafi ilipoanguka: Marekani ilikadiria kwamba Libya ilikuwa imenunua kama 20,000, na milango ya maghala ilikuwa wazi.

Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na silaha ikarudi kwenye kazi yake ya mwanzo. Askari wa miguu wa Ukraine walikuwa na Igla za enzi za Kisovieti, Stinger za Marekani na Piorun za Poland, na helikopta za Kirusi zililazimika kuruka zikipapasa vilele vya miti. Ghafla maghala ya Magharibi yakaanza kuonekana tupu. Jeshi la Marekani lilikuwa limekaa karibu miaka ishirini bila kuagiza Stinger mpya kwa ajili yake lenyewe. Baadhi ya vipuri vya umeme havikuwa vikitengenezwa tena popote, ikabidi vibuniwe upya. Raytheon, kampuni inayoiunda siku hizi, iliwarudisha kazini wastaafu wenye umri wa miaka 70 na zaidi waje kuwafundisha vijana, kwa kutumia michoro ya tangu enzi za Rais Carter.